Sahihi Kabla ya Maji Kupwa

Karani Phineas hakutosheka na kalamu. Alitoa na rula. Aliilaza chini ya jina la kumi na saba katika orodha ya wasemaji, akapiga mstari mwekundu ulionyooka juu ya maneno "Zuleikha Mlamali, Mtongwe", kwa utulivu wa mwalimu anayesahihisha daftari. Kisha akamrudishia mwenyewe kadi yake kwa ncha za vidole, akamweleza kwamba kikao kile ni cha wananchi, na kwamba kadi ya mgeni, hata ikiwa na mihuri yote, haimfanyi mtu kuwa mwananchi.

"Tangazo linasema wakaazi wote," Zuleikha alimwambia. "Mimi ni mkaazi."

"Mkaazi ndiyo, mama. Mwenye nchi siyo. Anayefuata."

Zuleikha akasogea ukutani, karatasi yake ya maoni ikiwa imefungwa kwenye pindo la leso. Alikuwa ameiandika kwa siku tatu, akifuta na kurudia, na yote iliyokuwamo ni jambo moja: kwamba diko la Magandini, ule ufuo mdogo wa tope na mchanga ambapo wavuvi wa upande huu wa Mtongwe hushusha samaki wao, lisikodishwe kwa kampuni ya kujenga gati la boti za starehe. Miaka hamsini ndiyo muda uliotajwa katika tangazo. Kwa miaka hamsini wavuvi wangefungiwa njia ya maji, na wanawake thelathini na wawili wanaokaanga samaki pale, wanaoitwa mama karanga, wangezima meko yao wakatafute pa kwenda.

Angeweza kuyavumilia yale ya Phineas. Lililomkosesha utulivu ni lililofuata. Mwakilishi wa wadi, Mheshimiwa Munga, alisimama akamkaribisha mwekezaji, bwana mmoja aliyetoka Ulaya miaka minne iliyopita. Bwana yule alizungumza kwa nusu saa nzima kupitia mkalimani. Alisema "ufuo wetu", akasema "vijana wetu", akafika hata kusema "sisi watu wa Magandini tumechoka na umaskini". Alipewa kiti cha mbele, chupa ya maji na makofi. Phineas hakumuuliza kadi, wala rula haikutolewa.

Baadaye Munga aliinua karatasi juu ili ukumbi wote uione. Hii, alisema, ndiyo ridhaa ya wanadiko wenyewe. Watu arobaini na mmoja wameweka sahihi na dole gumba, na chini kabisa upo muhuri wa kikundi na sahihi ya katibu.

Zuleikha alikuwa mbali, lakini mtu huijua sahihi yake hata kwa mbali. Ile herufi ya mwisho yenye mkia mrefu kama wa samaki mkunga ilikuwa yake.

*

Mwanamke huyu alifika Mtongwe mwaka wa 1998, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, mke wa Abubakar, Mdigo aliyekuwa baharia wa meli za mizigo kati ya Mombasa na Moroni. Aliacha nyuma kisiwa cha Ngazija huko Komoro, mama yake, shule aliyoifikia kidato cha tatu, na lugha ambayo Waswahili huisikiliza wakidhani wataielewa, kisha wakajikuta wameachwa njiani. Mwezi wa kwanza wifi yake Mwanarehema, dada ya Abubakar, alikuwa akimtania kwamba anasema kama mtu anayetafuna pweza. Mwezi wa sita walikuwa wakitaniana kwa Kidigo.

Diko la Magandini lina desturi yake ya kumtambua mtu. Mashua ikirudi maji yakiwa yamepwa, lazima ikokotwe kwenye tope mpaka juu, na kila aliyetia mkono kwenye kamba hupewa kitoweo, samaki mmoja au wawili wa kwenda kupika. Mgeni hupewa kwa kuonyeshwa kidole: wewe, njoo. Lakini akizoeleka, iko siku mzee wa diko humwita kwa jina, na wote waliopo hujibu, "Apewe." Baada ya hapo hakuna anayeuliza tena umetoka wapi. Zuleikha aliitwa jina mwaka wa 1999, akiwa na matope mpaka magotini. Tafi wawili wa siku ile anawakumbuka hadi leo kuliko anavyoikumbuka mahari yake.

Alijifunza kazi ya karai kwa Mwanarehema: kuni za mkorosho, kwa kuwa hazitoi moshi mwingi, changu hukatwa mikato mitatu ubavuni, pono haachwi peke yake kwenye mafuta. Mwaka wa 2002 alimzaa Samiha. Mwaka wa 2016 Abubakar aliugua ini, akafa, akazikwa hatua mia tatu kutoka nyumbani. Jamaa wa Moroni walimpigia simu arudi kwao. Aliwajibu kwamba kwao ndiko huku alikomzika mumewe.

Wakati huo alikuwa tayari katibu wa kikundi cha diko. Walimchagua mwaka wa 2013 kwa sababu mwandiko wake ulisomeka na kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Kikundi kilikuwa na katiba ya kurasa nne, iliyonakiliwa kutoka kwa kikundi kingine, na mwenyekiti Rama aliihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na hati za mashua. Katika ukurasa wa tatu imeandikwa kwamba viongozi wawe raia wa Kenya. Hakuna aliyekuwa amefika ukurasa wa tatu. Walimjua Zuleikha kwa kamba na kwa jina lililoitwa, wakaona inatosha.

Uraia aliuomba kama sheria inavyomruhusu mjane wa Mkenya kuuomba. Mwaka wa 2018 alivuka kivuko kwenda mjini Mombasa akiwa na cheti cha ndoa, cheti cha kifo na picha nne, akapewa nambari ya faili. Tangu hapo jibu limekuwa moja: linashughulikiwa.

Kupiga kura hakuwahi kudai, kwa kuwa alijua hiyo ni haki ya raia. Mwaka wa 2022, Samiha alipopiga kura yake ya kwanza, mama alisimama nje ya lango la shule akimshikia mkoba, akangoja saa tatu juani ili aone tu kidole cha mwanawe kikiwa na wino. Lakini wiki sita kabla ya siku hiyo, Munga alipokuwa mgombea asiyejulikana mwenye viatu vilivyoliwa visigino, mikutano yake ilifanyika penye meko ya mama karanga. Zuleikha ndiye aliyewapanga wanawake, ndiye aliyempeleka nyumba kwa nyumba, ndiye aliyemfundisha kusema na wazee bila kuwakatiza. Munga alimwita mama mlezi. Enzi hizo hakuna aliyeiulizia kadi yake.

*

Tufike sasa penye kosa, maana kosa lilikuwapo, na Zuleikha hajawahi kulificha.

Mashua za Magandini lazima zielee kabla maji hayajapwa. Zikichelewa, zinanasa topeni hadi jioni na siku ya kazi imepotea. Kwa hiyo katika kila mkutano wa diko wavuvi hutia sahihi kwanza, wakaenda zao baharini, na katibu akabaki kuandika yaliyozungumzwa. Imekuwa hivyo tangu enzi ya babu zao. Karatasi hukaa juu ya mtungi uliofunikwa, kila mtu akiweka jina au dole gumba sehemu ya chini, na sehemu ya juu huachwa wazi kwa ajili ya maneno. Hakuna aliyeona hatari yoyote, kwa sababu maneno yaliandikwa na mtu wanayemwamini.

Mwaka wa 2023 Munga alileta habari njema: diko litajengewa banda, choo na chumba cha barafu. Mkutano uliitwa asubuhi. Wanachama walitia sahihi, wavuvi wakakimbilia mashua, wanawake meko yao. Kabla Zuleikha hajaandika, Phineas alimwambia kwamba mheshimiwa ana haraka, gari linangoja, na kwamba maneno yatapigwa chapa afisini kwa lugha inayofaa. Zuleikha alisita. Kisha akapiga muhuri, akatia sahihi yenye mkia mrefu, akamkabidhi karatasi iliyokuwa tupu juu na iliyojaa watu chini.

Banda halikujengwa, wala choo. Chumba cha barafu hakikutajwa tena. Na sasa, miaka miwili baadaye, sehemu ile tupu ilikuwa imejaa maneno ya kukodisha ufuo.

Baada ya kikao cha kwanza Zuleikha hakukaa mahali akatulia. Alisimama akakaa, akazunguka meko, akafagia palipofagiliwa. Alianza sentensi akaiacha. Siku ya tatu moshi mweusi ulipanda kutoka kwenye karai lake na yeye akitazama maji.

"Wifi," Mwanarehema alimwita kutoka meko ya pili, "huyo samaki alikufa asubuhi. Usimuue tena."

Wanawake walicheka. Zuleikha alimtoa samaki, akamtupa, akakaa juu ya kigoda na kumweleza wifi yake kila kitu, tangu gari lililongoja mpaka mkia wa sahihi. Mwanarehema alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Mwishowe alisema kwamba kati ya watu wote walioguswa na karatasi ile, ni mmoja tu anayeweza kusema ilikuwa tupu ilipotoka mikononi mwa diko.

"Na huyo mmoja ndiye hana kitambulisho cha raia," Zuleikha akamalizia.

*

Munga alikuja mwenyewe Jumatano adhuhuri, bila walinzi. Aliagiza tafi, akala kwa vidole, akasifu pilipili. Alipomaliza, alisogeza kigoda chake karibu.

"Mama Samiha, faili lako la uraia lina miaka saba. Mimi nina watu kule. Neno moja tu."

Zuleikha alimwambia kwamba angeshukuru.

"Kikao cha mwisho ni Jumamosi. Siku hiyo kaa hapa, kaanga samaki wako. Ukija ukasimama mbele ya watu ukajiita katibu, umekiri kwa mdomo wako kwamba mgeni alijipa uongozi wa raia. Hapo hata mimi sitaweza kukuokoa."

"Na ile karatasi niliyompa Phineas ikiwa tupu?"

"Tupu vipi? Ina maneno. Watu wote wameyaona."

Alifunika miiba kwa gazeti, akanawa, akaondoka akiwaamkia wazee njiani mmoja mmoja, kama alivyofundishwa.

Samiha aliposikia habari hizo baada ya kurudi kutoka chekechea anakofundisha, alimwomba mama yake anyamaze. Hakumwomba kwa woga wa kitoto, alikuwa amefikiri. Bibi wa Moroni amekufa, alisema, nyumba imeuzwa, na huko Ngazija mama atakuwa mgeni zaidi kuliko hapa. Ufuo ukichukuliwa watatafuta ufuo mwingine. Mama akichukuliwa, atatafutwa wapi?

"Samiha."

"Abee, mama."

"Wale arobaini na mmoja walitia dole gumba kwa sababu mimi ndiye niliyeshika karatasi. Nikinyamaza, nitawauzia samaki kwa uso gani?"

 Jioni ile binti alimwona mama yake akipanga mkoba: leso mbili, picha ya Abubakar akiwa na kofia ya ubaharia, cheti cha ndoa, msahafu. Mkoba ukawekwa nyuma ya mlango. Samiha aliutazama, akatoka nje.

*

Jumamosi ukumbi ulifurika. Kikao kiliongozwa na Bi Florence, wakili aliyeletwa kusikiliza maoni na kuandika ripoti, mwanamke wa miwani mizito ambaye hakucheka na yeyote. Phineas alikuwa na orodha yake, na safari hii jina la Zuleikha halikuhitaji rula kwa sababu halikuandikwa kabisa. Mwekezaji alikuwa kiti cha mbele kama kawaida. Ridhaa ya diko ilisomwa kwa sauti, maneno yaliyopigwa chapa vizuri, yenye "jamii imeridhia" mara tatu.

Msemaji wa tano alikuwa Mwanarehema. Aliinuka, akajitandia buibui vizuri, akasema kwamba yeye ana sahihi moja tu kwenye karatasi ile na ni ya dole, kwa hiyo hana la kueleza kuhusu maandishi. Nafasi yake anampa wifi yake, ambaye ndiye aliyepiga muhuri.

Phineas alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema huyo si raia, ameshaondolewa orodhani, na nafasi ya msemaji haigawiwi kama maandazi.

Bi Florence aliinua karatasi, akasoma chini. "Hapa pameandikwa Z. Mlamali, katibu. Ndiye huyu?"

Phineas alimtazama Munga. Munga alitazama dirisha.

"Nimeuliza kama ndiye huyu."

"Ndiye," Phineas akasema.

Munga akainuka, akaeleza kwa upole kwamba hapa tunalinda heshima ya nchi. Kwamba watu wa nje wasiachiwe kuingilia mambo ya ndani. Kwamba kama kila anayepita atapewa kipaza sauti, wenyeji watabaki na nini? Nyuma ya ukumbi mtu aliuliza kwa sauti ya chini kama yule bwana wa mbele naye ni mzaliwa wa mtaa jirani wa Shika Adabu. Kicheko kilipita safu kwa safu.

Bi Florence hakucheka. Alisema kwamba Katiba ya nchi hii inapozungumzia haki ya kuwasilisha malalamiko mbele ya mamlaka ya umma, humpa haki hiyo kila mtu, na hajaona mahali palipoandikwa isipokuwa huyu. Hata hivyo, aliongeza, angependa kusikia kutoka kwa kikundi kama wanamtambua mama huyu.

Macho yote yalimgeukia Rama, mwenyekiti wa diko. Wiki mbili nzima Rama alikuwa amempita Zuleikha akiangalia chini. Yeye pia alitia sahihi, yeye ndiye mwenye ule mfuko wa plastiki, na alikuwa ameahidiwa kibarua cha ulinzi kwenye gati. Alisimama polepole.  Kisha, kwa sauti ile ile aitumiayo kila siku penye tope, akaita:

"Zuleikha."

 Ndipo mvuvi Kitsao, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajibu, na wengine wakadakia kutoka kila pembe, wanaume kwa wanawake, si kwa kelele, ila kwa sauti ya watu wanaotaja jambo la kawaida.

"Apewe."

Alipewa kipaza sauti. Alikishika kwa mikono miwili.

"Naitwa Zuleikha Mlamali. Nilizaliwa Moroni. Sipigi kura, na sijawahi kujipenyeza kupiga. Nimekuwa katibu wa diko hili miaka kumi na miwili, na sahihi hiyo ni yangu. Siku niliyoitia, karatasi ilikuwa tupu. Wenzangu walitia sahihi mapema kwa sababu maji yalikuwa yanapwa, nami nikapiga muhuri kwa sababu nilimwamini aliyekuja kuichukua. Kosa hilo ni langu, sitamtwika mtu. Lakini leo niambieni mimi ni nani. Kama ni mgeni asiyeweza kuwasemea hawa, basi sikuweza kuwatilia sahihi, na karatasi hiyo itoeni mezani. Na kama sahihi yangu ilitosha kuwatolea ufuo wao, basi na mdomo wangu unatosha kuukataza."

Alirudisha kipaza sauti, akakaa. Munga aliwaambia watu kwamba wamesikia wenyewe, mama amekiri. Alilisema mara mbili. Bi Florence alikuwa akiandika, na aliendelea kuandika kwa muda mrefu bila kuinua kichwa. Kisha akatangaza kwamba ripoti yake itatolewa ndani ya siku sitini.

*

Siku tisa baada ya kikao Zuleikha aliitwa mjini. Alivuka kivuko akiwa na ule mkoba wake. Katika afisi moja inayoshughulikia hati za wageni, kijana mwenye adabu nyingi alimpokea, akaitazama kadi yake, akaitia ndani ya bahasha, akamwambia imezuiwa kwa uchunguzi. Kuhusu ombi lake la uraia, faili halionekani. Alipewa kipande cha karatasi kinachomtaka afike kila Jumatatu, bila kusema hadi lini.

Mwezi uliofuata ripoti ya vikao ilibandikwa kwenye mlango wa afisi ya wadi. Ina kurasa hamsini na nane. Samiha aliisoma yote akiwa amesimama, kidole kikipita mstari kwa mstari. Maneno ya mwekezaji yamechukua kurasa sita. Maneno ya mama yake hayamo. Jina lake halimo. Chini ya kichwa "Pingamizi" imeandikwa kwamba hakuna mwananchi aliyelipinga pendekezo. Bi Florence anasema, na amelisema kwa barua yenye sahihi yake, kwamba ripoti aliyoikabidhi ilikuwa na kurasa sitini na moja.

Binti aliyeomba kimya ndiye sasa hatulii. Ameyaandika upya maneno ya mama yake kwa mkono na kuyapeleka dikoni ili watu watie sahihi chini yake. Rama amemkataza mtu yeyote kutia dole gumba kabla hajasomewa kila neno, kutoka juu mpaka chini. Siku ya kwanza ya zoezi hilo mashua nne zilinasa topeni, na wenyewe wakakaa juu ya kingo zake wakisikiliza, maji yakiondoka bila wao. Kitsao alisema hasara hiyo ni ndogo kuliko ile nyingine. Kwa Kidigo na kwa Kigiriama wametukanana vya kutosha kuhusu nani alisikia nini mwaka wa 2023, lakini sahihi zimefika mia tatu na kumi, na juu ya kila ukurasa pamejaa maneno.

Zuleikha bado anakaanga samaki Jumanne mpaka Jumapili. Jumatatu anavuka. Anakaa kwenye ubao mrefu, anasikiliza majina ya wengine yakiitwa, na jina lake likifika anaambiwa arudi wiki ijayo. Mkoba bado uko nyuma ya mlango. Hauondoi, kwa sababu hajui kama atauhitaji. Hautazami, kwa sababu akiutazama hawezi kula. Karai linapochemka hugeuka kila gari linaposimama barabarani. Mwanarehema hamtanii tena kuhusu samaki wanaoungua. Huja kimya, huwatoa, hurudi mekoni kwake.

Basi ninyi mnaohusika, na mnajijua, hamtaombwa hapa bali mnadaiwa. Mheshimiwa Munga, zirudishe zile kurasa tatu katika ripoti, na maneno ya mwanamke huyu yasomwe hadharani katika ukumbi ule ule, kwa kipaza sauti kile kile alichopewa mwekezaji wako. Phineas, toka utaje nani alikupa maneno uliyoyapiga chapa juu ya sahihi za watu waliokuwa baharini. Na ninyi wa afisi ya hati, lililopotea ni faili, si mtu. Mtu yupo, anakaa mbele yenu kila Jumatatu. Itoeni kadi yake kwenye bahasha, lifungueni upya ombi lake, na mlijibu kwa maandishi, ndiyo au la, kabla ya Jumatatu ijayo. Mkiweka sahihi zenu chini ya jibu hilo, hakikisheni kwanza kwamba juu yake mmeandika ukweli.